Mgongoni mwa Picha

Mwenye macho haambiwi tazama, walinena wahenga. Lakini zipo picha ambazo mwenye macho mawili mazima huzitazama kutwa, akazisogeza mwangani, akazirudisha kivulini, na mwisho wa yote asijue anamtazama nani.

Nilikuwa Majengo, Moshi, mgeni wa bibi mmoja ambaye babu yake alitoka Pangani akaja bara baada ya reli ya Tanga kufika mjini hapo. Majengo ya Moshi, kama Majengo ya miji yetu mingine, ni mtaa ambao mtu wa pwani hachelewi kuuzoea. Tofauti yake ni kwamba hapa ukitoka nje alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, unaiona Kibo imekaa juu ya mapaa na theluji yake. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kahawa, bibi aliingia ndani akatoka na kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Humo mlikuwa na picha za ukoo. Aliziweka juu ya mkeka moja moja, akizitaja: huyu shangazi, huyu bwana harusi fulani, huyu mtoto aliyekufa kwa surua. Tulipofika kwenye picha iliyofifia kuliko zote, ya mwanamume aliyesimama wima amevaa kanzu na mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti, alinyamaza.

"Huyu nani, bibi?"

"Huyu ni wetu, mwanangu. Jina lake alikuwa akilijua mama."

Mama yake hayupo tena duniani. Nikaigeuza ile picha nikitumaini kukuta mwandiko. Mgongo wake ulikuwa mtupu, umepiga rangi ya chai, na kwenye pembe palikuwa na alama ya gundi kavu.

Msomaji atauliza kwa nini nilikimbilia mgongo wa picha kabla ya kuuliza mengine. Sababu ni kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia kazi ya wakusanyaji wa picha za sura za karne ya kumi na tisa, na hasa wale wanaokusanya picha za Marekani zilizobandikwa stempu ya kodi. Wao hufanya kinyume cha ada. Mtu wa kawaida akipewa picha hutazama uso. Wao huanza na kisogo. Nitaeleza habari yao kwa kirefu kidogo, kwani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1854 mpigapicha wa Paris aitwaye André Disdéri alipata haki ya njia yake ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya kioo kimoja, kisha kuzikata na kuzigandisha kila moja juu ya kadi. Kila picha ilikuwa na upana wa kiasi cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 9, na kwa udogo wake ikaenea duniani haraka. Kwa mara ya kwanza fundi viatu na mjakazi waliweza kumiliki sura zao wenyewe na kuwapelekea jamaa walio mbali. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani mwaka 1861, askari wa pande zote mbili walijazana kwenye studio. Kila mmoja alijua kwamba huenda hatarudi, na kila mmoja alitaka kuacha kivuli chake nyumbani.

Vita hula fedha. Serikali ya Marekani, ambayo tangu 1862 ilikuwa ikitoza ushuru wa stempu kwenye hundi, hati, dawa na karata, ikaona kwamba na picha nazo ni bidhaa yenye soko. Sheria ya tarehe 30 Juni 1864 iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka ule kila picha itakayouzwa ibandikwe stempu mgongoni. Picha ya bei isiyozidi senti 25 ilitozwa senti 2. Iliyozidi hapo hadi senti 50 ilitozwa senti 3. Iliyozidi senti 50 hadi dola 1 ilitozwa senti 5. Haikuchapishwa stempu maalumu ya picha, kwa hiyo wapigapicha walitumia zilizokuwapo. Ndiyo maana leo mtu huweza kukuta nyuma ya sura ya mama mjane stempu iliyoandikwa kuwa ni ya karata, au ya hundi ya benki, nayo ina sura ya George Washington. Uso mmoja mbele, uso mwingine nyuma: mbele ni wa mwananchi, nyuma ni wa dola.

Sheria hiyo ilikuwa na sharti moja dogo ambalo ndilo lililowaletea wakusanyaji furaha miaka mingi baadaye. Ili stempu isitumike mara ya pili, muuzaji alitakiwa kuiharibu kwa wino, yaani kuandika juu yake herufi za jina lake na tarehe. Wavivu walipiga mstari tu. Watiifu waliandika siku, mwezi na mwaka. Kodi yenyewe ilifutwa tarehe 1 Agosti 1866 baada ya wapigapicha kulalamika sana. Hivyo basi, picha yenye stempu hiyo, hata kama haina jina, yajulikana kwamba iliuzwa ndani ya miezi 23 tu, na iliyoandikwa tarehe yajulikana hata siku yake. Karani wa kodi, ambaye hakuwa na haja na historia hata chembe, ndiye aliyeitumikia historia kuliko mwenye picha.

Hata hivyo wakusanyaji wenye busara huonya. Stempu yataja siku ya kuuzwa, si siku ya kupigwa. Picha ya mtu mashuhuri huenda ilipigwa miaka kadhaa kabla, na kadi ikatolewa tena na tena kutoka kwenye kioo kilekile. Pia wapo wadanganyifu wanaobandika stempu ya kale kwenye kadi isiyohusika ili kupandisha bei. Mjuzi hutazama kama mstari wa wino umevuka ukingo wa stempu ukagusa kadi, na kama karatasi iliyo chini ya stempu imechakaa kuliko ilivyopaswa. Na wapo waliofanya kosa la upande wa pili: wapenda stempu walioziloweka kadi majini, wakabandua stempu na kuzitia katika albamu zao. Wakapata stempu isiyo na sura, wakaacha sura isiyo na tarehe.

Yatuhusu nini haya? Kwanza, vita ile haikuwa mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sultani Said tangu 1833 na konseli Unguja tangu 1837, na shuka yao ya pamba ndiyo iliyozaa neno letu "merikani". Vita ilipoikata pamba ya kusini, merikani ikaadimika katika masoko yetu. Moto uleule uliomfanya askari wa huko abandike stempu ya senti 2 kwenye sura yake, ulimfanya mwanamke wa huku akose shuka aliyoizoea.

Pili, na hili ndilo kubwa, sisi watu wa pwani tulikuwa na stempu yetu kabla ya wao, wala haikutozwa na serikali yoyote. Wapenzi wa ushairi wanaijua. Mtunzi wa utenzi, akikaribia tamati, aghalabu hutenga beti chache za kujitaja: jina lake, la baba yake, pengine idadi ya beti, na tarehe ya kuhitimisha kwa mwaka wa hijria. Mwana Kupona binti Mshamu hakumwachia binti yake wasia tu; aliutia mwaka, 1275, ambao kwa hesabu ya miladi waangukia 1858. Kwa beti zile kazi yatoka mkononi mwa mtunzi ikiwa na mwenyewe na zama zake, hata kama itanakiliwa mara mia na watu wasiomjua. Wazee wetu walielewa kwamba kitu kizuri kisicho na jina ni mali ya aliyekiokota.

Basi picha ilipoingia visiwani, kwa nini haikuvikwa vazi hilo?

Jibu ni kwamba picha ilikuja na wenye studio na wenye safari, na hao walikuwa na desturi zao. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa Unguja ilipata studio zake, maarufu zaidi zikiwa za Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Kadi zao zilibeba jina la studio kwa herufi nzuri, na kwa jina hilo mtafiti wa leo huweza kukisia miaka. Aliyekuwa na cheo alijulikana. Sayyid Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875 alipigwa picha pamoja na watu wake, na majina yao yakahifadhiwa. Bibi Salme binti Said, aliyeondoka Unguja Agosti 1866, mwezi uleule kodi ya picha ilipofutwa Marekani, alipigwa picha huko Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao. Nasi twamjua kwa sababu mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Lakini wale waliopigwa picha ili ziuzwe kwa wasafiri hawakuwa na bahati hiyo. Waliandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, Mnyamwezi, mtumwa. Jina la aliyepiga lipo. Jina la aliyepigwa halipo. Kadi ilijua kodi ya chumba cha studio italipwa na nani, haikujua ule uso ni wa nani.

Bara, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mlima ule ulivuta wageni wenye kamera mapema. Mjerumani Hans Meyer, kabla hajafika kilele tarehe 6 Oktoba 1889, alikwisha kuchapisha mwaka 1888 albamu ya picha 40 za safari yake ya kwanza. Wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893 nao walipiga picha nyingi, na sehemu kubwa ya hazina hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Lakini picha zilipanda meli. Aliyepigwa alibaki mgombani kwake bila hata nakala moja.

Hata jina lenyewe lilipoandikwa halikuwa lazima liwe lake. Mtawala wa Moshi ambaye Wazungu walimwandika katika vitabu vyao vyote kwa jina la Mandara, nyumbani kwake ni Mangi Rindi. Anayetafuta picha ya Rindi katika makabati ya Ulaya bila kujua hilo atarudi mikono mitupu, ilhali mtu wake anamtazama.

Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe, Meli, aliyekuwa bado kijana. Juni 1892 watu wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kiongozi wa kikosi hicho, von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi, Moshi ikashindwa. Kisha ikaja kodi. Kwa amri ya Novemba 1897, iliyoanza kutumika Aprili 1898, kila nyumba ya shamba katika koloni ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono yake. Kule Marekani dola ilitoza sura. Hapa ilitoza paa. Kule ilimlazimu karani aguse kila picha na kuitia tarehe. Hapa ilitosha kuhesabu nyumba, na waliolala humo hawakuwa na haja ya kuwa na uso.

Tarehe 2 Machi 1900, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya utawala, Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18 wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Habari ya mlimani, iliyopokewa na watoto na wajukuu, husema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Picha yake imesalia; kichwa hakijaonekana. Ni vigumu kuandika sentensi hii bila kalamu kusita. Uso wa mtu waweza kutazamwa na yeyote leo, na mifupa iliyoubeba uso ule haijulikani iko kwenye kabati gani.

Wenye kukusanya mafuvu nao walikuwa wakusanyaji. Nao walikuwa na gundi, wino na vibandiko. Mkusanyo wa Felix von Luschan, ambao baadaye uliangukia mikononi mwa taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin, ulikuwa na zaidi ya mafuvu 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na takriban 200 ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Septemba 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba vipimo vya nasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai. Moja kati ya hayo lilikuwa limeandikwa neno moja: "Akida". Neno hilo ndilo lililowaongoza watafiti hadi kwa ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, na damu ikathibitisha. Tangazo lile halikumtaja Meli kuwa miongoni mwa waliopatikana.

Ewe msomaji, tafakari. Aliyeandika neno lile juu ya mfupa hakuandika kwa heshima. Aliandika kama karani aharibuye stempu, ili hesabu yake itimie. Lakini zaidi ya miaka mia moja baadaye, neno moja la karani asiyejali lilitosha kuwarudishia watu mzee wao. Na wale wengine, mamia kwa mamia, ambao hawakuandikwa chochote? Hapo ndipo nilipotambua kwamba wakusanyaji wa picha za stempu, ambao wengi huwaona watu wa mchezo, wanalinda jambo zito. Wanatufundisha kwamba kumbukumbu haiokolewi na uzuri wa sura. Huokolewa na alama ndogo iliyowekwa mahali pasipoonekana, na mtu aliyekuwapo.

Mwaka 2019 sanamu ya Mangi Meli ilisimamishwa Old Moshi, kwenye mti unaosimuliwa kuwa ndipo alipotundikwa. Ni jambo jema, na laiti lingefanyika mapema. Lakini si kila nyumba ina mangi, na wengi wetu hatutajengewa sanamu. Tutakachoacha ni kopo la bati.

Kwa hiyo nilimwomba bibi yule wa Majengo ruhusa, naye akaniruhusu. Tulichukua penseli laini, kwani kalamu ya wino hupenya na yenye ncha ngumu huacha kovu upande wa uso. Tukalaza kila picha kifudifudi juu ya kitambaa safi, tukaandika pembeni, kwa mkono mwepesi: nani, wapi, mwaka kama unajulikana, na nani aliyetuambia. Hili la mwisho watu hulisahau, nalo ni muhimu kama yote, kwani habari isiyo na msimulizi ni kama hadithi isiyo na isnadi. Hatukubandika kitu wala hatukutumia gundi. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, alikuja akakaa akawa ndiye mwandishi wetu.

Tulipofika kwenye picha ya yule mwenye kanzu, mtoto aliinua penseli akasubiri. Bibi alifikiri kitambo. Kisha akasema, polepole, kama atoaye beti la mwisho:

"Andika: mtu wetu, wa upande wa mama. Jina limepotea. Ameulizwa leo." Akaitaja tarehe ya siku ile, kwanza ya hijria, kisha ya miladi.

Mtoto akaandika vyote viwili. Picha ikageuzwa, ikarudi juu ya wenziwe, na sura ile ikawa inatutazama kama ilivyotutazama mwanzo, ila safari hii ikiwa na kitu mgongoni.